Masurufu ya Kericho



Mtu akitumwa safari ya kikazi nje ya nchi, akirudi ofisini anadaiwa vitu viwili: ripoti na marejesho ya masurufu. Ripoti ina vichwa vyake, unavijua: lengo la safari, tuliokutana nao, tuliyojifunza, mapendekezo. Fomu ya masurufu nayo ina mistari yake ya nauli, malazi na posho ya kujikimu. Foleni ya barabarani haina mstari. Chakula ulichoandaliwa nyumbani kwa mtu hakina mstari. Na ile saa nzima mliyokaa kwenye benchi mkiulizana habari za watoto, ng'ombe na mvua kabla neno la biashara halijatajwa, mhasibu akiisikia atasema mlikuwa mnachezea muda wa mwajiri.

Leo nataka kuitetea saa hiyo.

Nilifuatana na viongozi wa ushirika mmoja wa wakulima wa chai wa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, tukaenda Kericho na Bomet, magharibi ya Bonde la Ufa nchini Kenya. Swali tulilobeba lilikuwa zito. Kenya inatoa zaidi ya kilo milioni 500 za chai iliyosindikwa kwa mwaka. Sisi Tanzania, ukijumlisha Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara yote, hatujafikisha hata milioni 40. Na sehemu kubwa ya chai ya Kenya inatoka kwa wakulima wadogo, watu wa ekari moja au mbili, zaidi ya laki 6 kwa idadi. Wenzetu wanafanyaje? Majibu tulipewa ofisini, kwenye slaidi za rangi nzuri. Lakini yaliyonikaa kichwani ni yale niliyoyapata njiani na mezani, na ndiyo nitakayokusimulia.

Tuanze na barabara, maana ndiyo iliyoanza na sisi.

Kutoka Nairobi kwenda Kericho wengi hupitia Nakuru. Unapandisha hadi Limuru, Bonde la Ufa linafunguka mkono wa kushoto, unapita Naivasha, Gilgil na Nakuru yenyewe, halafu unaanza kupanda tena kuelekea Mau Summit. Kontena likishushwa Mombasa kwenda Kampala, Kigali au Juba, njia yake ni hii. Msafiri wa Iringa anaijua Kitonga: lori likizimika kwenye kona, mabasi yanapanga mstari na abiria wanashuka kunyoosha miguu. Barabara hii inatisha kwa namna nyingine. Ni pana kiasi, imenyooka kiasi, na mteremko wake macho hayauoni vizuri, kwa hiyo kila dereva anaamini anayo nafasi ya kulipita lori lililo mbele yake. Nayo malori yakiteremka na mzigo, kuna madereva waliozoea kuweka gia huru ili waokoe dizeli. Salgaa na Sachang'wan ni majina ambayo Wakenya wanayataja kama sisi tunavyotaja misiba ya ukoo.

Pale Sachang'wan, Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Dereva wetu alipotusimulia, mwenzangu mmoja alisema neno moja tu: Msamvu. Maana nasi, Agosti 2019, pale Morogoro, tulizika zaidi ya 100 kwa namna ile ile. Dereva hakuwa na habari za Msamvu. Tukamweleza, akatikisa kichwa, akapunguza mwendo. Kwa muda.

Matatu yetu ilikuwa ya abiria 14. Tangu Februari 2004, alipokuwa waziri wa uchukuzi marehemu John Michuki, kanuni za Kenya zinataka gari la namna hiyo liwe na kidhibiti mwendo, mstari wa njano ubavuni na mkanda kwa kila kiti. Ukilinganisha na daladala zetu, ambamo mwenye kiti anamshikia begi aliyesimama, hayo ni maendeleo makubwa. Mkanda wangu ulikuwepo. Kifungo chake tu ndicho hakikuwa na pa kuingia. Redio ilikuwa imewekwa Chamgei FM, Kikalenjin mwanzo mwisho. Sikuelewa kitu, ila nilitambua kwamba ni kipindi cha simu za wasikilizaji, kwa sababu mtangazaji alikuwa anamkatiza kila mpigaji kwa adabu ile ile tunayoitumia sisi hapa redioni.

Mau Summit njia inagawanyika: kulia Eldoret na mpaka wa Malaba, kushoto Kericho na Kisumu. Sisi kushoto. Kilomita chache mbele kuna Londiani Junction. Jioni ya Juni 30, 2023, lori lilikosa mwelekeo hapo likaparamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Watu wa Dar es Salaam wanalalamikia foleni kila siku. Ziko barabara ambazo foleni ingekuwa neema.

Baada ya Kedowa na Chepseon, misitu inaachia na chai inaanza. Mufindi kwetu chai imekatwakatwa na misindano na mikaratusi, unaiona kwa vipande. Kericho inafunika kilima, inashuka bondeni, inapanda kilima kingine, yote kimo kimoja. Uko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na mawingu ya kutoka upande wa ziwa yanakuja karibu kila mchana. Mvua ya mawe nayo haikosi. Nchi hii ya Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopigwa na mvua ya mawe kuliko nyingi duniani. Lakini mvua hiyo ndiyo utajiri wao. Mufindi tuna kiangazi kirefu, kuanzia Juni mpaka Novemba, na chai isiyomwagiliwa inasinyaa. Kericho wanachuma mwaka mzima. Hilo slaidi zililisema, nami ninakubali kwamba mvua hatuwezi kuiga.

Yale tunayoweza kuiga niliyaona siku nyingine, kwenye foleni.

Tulikuwa tunatoka Litein kwenda kiwanda kimoja cha wakulima upande wa Bomet, kwenye barabara ya udongo mwekundu, mvua imeshanyesha. Mbele yetu kulikuwa na lori la majani. Ubavuni lina wavu badala ya mbao, na ndani magunia hayakurundikwa. Yametundikwa kwenye ndoano, moja moja, yananing'inia na kupigwa na upepo. Jani la chai likibanwa linapata joto, likipata joto linageuka jekundu kabla ya wakati wake, na chai yake mnadani haina heshima. Kwa hiyo linasafiri limetundikwa. Kwetu nimeshuhudia majani yakishindiliwa kwenye pikapu, na juu ya majani wamekaa watu.

Lori lile lilikuwa linasimama kila baada ya muda mfupi kwenye kibanda cha kununulia majani. Kila kibanda kina mizani, karani, na akina mama na vijana wakisubiri zamu. Karani anapima, kimashine kinatema risiti, gunia linatundikwa. Zinahitajika kilo nne na nusu hivi za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo ubishi juu ya mizani haukosi. Mama mmoja alimtaka karani apime upya, akapima upya, tarakimu ikarudi ile ile, mama akaondoka akiwa bado hajaridhika. Nyuma ya lori tulikuwepo sisi, matatu mbili, trekta, na bodaboda iliyobeba makopo ya maziwa. Zamu za vibanda zikaisha kimoja baada ya kingine. Hakuna aliyepiga honi.

Huku kwetu honi ingelia mpaka betri iishe. Nikamuuliza dereva, kijana wa hapo hapo, mbona mmetulia hivi?

“Bosi,” akasema, “kwenye hiyo lori kuna majani ya mama yangu.” Halafu akaielekeza kidevu ile matatu ya mbele. “Na ya mama ya huyo.”

Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho ofisini kiliitwa mfumo. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo wa Kenya, ni vya kampuni ambazo wanahisa wake ni wakulima wenyewe. KTDA ilianza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali, na mwaka 2000 ikakabidhiwa kwa wakulima. Ina matatizo yake, na tutayafikia. Lakini mtu anayelisubiri lori kwa utulivu anajua kwamba lori hilo likichelewa kiwandani ni yeye anayepoteza. Jani likishachumwa linaanza kuhesabu saa: linyaushwe usiku kucha, lisagwe, liachwe ligeuke rangi, likaushwe. Kiwanda cha Mponde, kule Lushoto, kilifungwa mwaka 2013 kwa mgogoro na kikakaa miaka kimya, na wakulima wake wanajua chai isiyochumwa inageuka kuwa nini: mti mrefu usio na kazi. Ukitaka kujua afya ya zao la chai, usiende kiwandani kwanza. Simama barabarani saa tisa alasiri, uone kama lori la majani linapita.

Lakini usije ukafikiri Bomet wote ni watulivu barabarani. Njia panda ya Kaplong, ambako barabara ya Kericho na Kisii inakutana na ile ya Bomet na Narok, utazikuta Probox zimejipanga. Sisi tuna mchomoko, wao wana Probox. Gari la watu watano linaondoka na tisa, na mmoja wao anakalia kiti kimoja na dereva, bega kwa bega, anambadilishia gia ikibidi. Huyo wanamwita sambaza. Mwenyekiti wa ushirika wetu alipewa nafasi hiyo kwa heshima ya ugeni. Alikataa kwa heshima hiyo hiyo.

Sasa chakula.

Ukiagiza chai Kericho utaletewa chai ya maziwa. Maji, maziwa, majani na sukari vinachemka pamoja katika sufuria moja mpaka povu litake kumwagika, basi. Hamna tangawizi, hamna iliki, hamna mchaichai. Mtu wa Tanga au Unguja akionja atageuka kumtafuta aliyesahau kutia viungo. Mimi niliomba chai ya rangi. Mhudumu akaniangalia kwa huruma, akaniuliza kama daktari amenikataza maziwa.

Nikadhani ni mazoea tu ya watu wafugaji, mpaka tulipoingia kiwandani. Karibu chai yote ya huko inasagwa kwa mtindo wa CTC, uliobuniwa Assam, India, miaka ya 1930. Jani linapita kati ya vinu vyenye meno, linakatwa, linachanwa na kusokotwa mpaka liwe punje ndogo. Punje hizo zinatoa rangi upesi na ukali mwingi, kiasi kwamba maziwa hayaizimi chai. Na mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya ni Pakistani, ambako nako wanaichemsha na maziwa. Kikombe cha mkahawani Kericho na kikombe cha Karachi vina mama mmoja. Sisi tunaokunywa chai ya rangi, na tena ya viungo, tunazalisha chai ya CTC ile ile kwa ajili ya mdomo wa mtu mwingine ambaye hatujawahi kukaa naye mezani. Katika mkutano mmoja wa biashara tulitumia muda mwingi kujadili kwa nini chai yetu inapata bei ndogo Mombasa, na hakuna aliyeuliza mnunuzi anainywaje. Kericho hawahitaji kuuliza. Wanainywa vile vile.

Ng'ombe basi ndiye mshirika wa chai kule. Mzee aliyetukaribisha nyumbani kwake, Konoin, ana chai upande mmoja wa nyumba na zizi upande wa pili. Chai inalipa kila mwezi na bonasi mara moja kwa mwaka. Maziwa yanalipa bila kungoja mwezi wala mwaka. Mkewe alituandalia kimyet, ule ugali mgumu wa mahindi uliochanganywa na wimbi, na mgagani. Wengi huku kwetu mgagani tunauunga kwa karanga. Wao wanaulaza kwenye maziwa mpaka uchungu uishe, na ukiniuliza mimi, wametushinda.

Halafu kikaja kibuyu. Mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, Wakenya wote wameuona kwenye televisheni, wanariadha wakishuka uwanja wa ndege na medali zao na kunyweshwa hadharani. Kericho ndiko alikotoka Wilson Kiprugut, mtu aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964. Lakini kuuona kwenye televisheni si sawa na kuona unavyotengenezwa. Kibuyu, wanakiita sotet, kinasafishwa ndani kwa ufito mrefu wa mtende. Kisha kijiti cha mti wanaouita senetwet kinachomwa, na kaa lake linasuguliwa kwenye ukuta wa kibuyu mpaka weusi ushike. Maziwa yanachemshwa, yanaachwa yapoe, yanamiminwa, kibuyu kinafunikwa na kuwekwa mahali pa ubaridi siku kadhaa. Mama alikitikisa kwanza, mkono mmoja juu na mmoja chini, akakizibua polepole kikapumua. Yaliyotoka yalikuwa mazito, yenye michirizi ya kijivu, na harufu ya moshi iliyokwisha kupoa. Ni makali kuliko mtindi wetu. Mwenzangu wa Njombe alikunywa bilauri nzima, akafuta mdomo, akasema kama ingekuwa ulanzi angemaliza kibuyu. Mama, ambaye ni muumini wa Africa Gospel Church, akauliza ulanzi ni nini. Tukamwambia ni maji yanayotoka kwenye mianzi. Hapo hatukusema uongo.

Nitaje na jambo lisilopendeza kusemwa baada ya karamu, kwa sababu wenyeji wenyewe wanalizungumza. Hospitali ya Tenwek, pale Bomet, kwa miaka mingi imepokea wagonjwa wengi wa saratani ya umio, yaani koo la chakula, wakiwemo watu wa umri mdogo usiotarajiwa. Watafiti wametafuta chanzo huku na huko. Mwaka 2013 utafiti mmoja uliuchunguza mursik na kukuta ndani yake asetaldehidi, kemikali inayoshukiwa. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65, katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Sasa mtazame Mkipsigis, mwenyeji wa huku, akinywa chai. Inatoka kwenye chupa ya chai ikifuka moshi na inaingia mdomoni ikifuka moshi. Mimi nilikuwa bado napuliza yangu wakati mzee ameshaweka kikombe chini. Kibuyu kinasemwa sana kwa sababu ni kitu cha kigeni machoni pa watafiti. Chai ya moto haishtui mtu, kwa kuwa kila mtu anainywa.

Kuna mlo mmoja ambao sikuweza kuuombea risiti hata kwa hila, kwa sababu haukuuzwa. Mjini Kericho kuna gurdwara kubwa la Masingasinga, jengo jeupe linaloonekana kutoka mbali. Walikuja na kazi za mikono, useremala na ufundi wa mitambo, na mmoja wao, Baba Puran Singh, aliheshimiwa kiasi kwamba jina la Kericho limeshikamana na jina lake mpaka leo. Alihamia Uingereza miaka ya 1970 na jumuiya aliyoianzisha Birmingham bado ipo. Unaingia pale, unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unakaa sakafuni. Unaletewa dengu, chapati, mboga na chai. Maziwa, bila shaka. Hakuna anayekuuliza dini wala kabila wala umetoka wapi. Pembeni yangu alikaa dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Busia. Nilimuuliza kama ni mara yake ya kwanza, akaniambia ana miaka anapanga safari zake ili njaa imkute Kericho.

Adabu ya nyumbani kwa mzee ilikuwa na mwendo wake. Tulipofika nilimwamkia shikamoo. Akacheka, akaitikia marahaba sawasawa kabisa, akasema hajaisikia tangu alipokuwa darasani. Halafu tukafundishwa chamgei, tukarudishiwa chamgei mising, na kila tulichopewa tukashukuru kwa kongoi. Kabla ya chakula kulikuwa na sala, na sala ilimtaja kila mmoja wetu kwa jina, wazazi wetu, mpaka wa Namanga tuliouvuka na barabara tutakayorudi nayo. Ugali ulipoa kidogo. Baada ya chakula sala nyingine. Biashara bado.

Ukikaa kwenye benchi la mzee yule, ng'ambo ya bonde unaona shamba la kampuni, kijani kisicho na nyumba ya mtu. Mashamba makubwa ya Kericho yalianza miaka ya 1920, na hayakuanza kwenye nchi tupu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, kwenye mbung'o na malaria. Wazao wao wanadai hadi leo. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliieleza serikali ya Uingereza wasiwasi wao juu ya jambo hilo. Mashamba yenyewe yanabadilisha wenyewe tu: kati ya 2023 na 2024 sehemu kubwa ilikwenda kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Mzee aliyasema haya kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia ng'ombe yupi anakaribia kuzaa. Aliyekuwa na hasira ni kijana wake, na hasira yake ilikuwa ya mashine. Mashine za kuchumia zimechukua ajira mashambani, na Mei 2023 vijana wa Kericho walizichoma moto kadhaa. Wachumaji waliopunguzwa ni watu wa vijiji hivi, wanaokuja kununua maziwa na kukopa sukari duka hilo hilo. Viongozi wetu, ambao kwenye ripoti walikusudia kupendekeza mashine hizo, walimeza mate.

Kuna kitu kingine mzee alitukumbusha. Nje kidogo ya mji wa Kericho, Timbilil, kuna taasisi ya utafiti wa chai. Ilipoanza, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilikuwa ya Afrika Mashariki nzima. Mche ukifanyiwa majaribio pale, faida yake ilifika mpaka kwetu. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977 na kila nchi ikaenda na udongo wake. Jumuiya imerudi, lakini sisi tulifika Kericho na barua ya utambulisho yenye mihuri mitatu.

Biashara ikaja tulipokuwa tumeshasimama kuaga. Mzee alitaka kujua chai yetu tunaiuzia wapi. Mombasa, tukamwambia, kama nyinyi, ingawa tangu 2023 tuna mnada wetu Dar es Salaam. Kutoka Kericho hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Kutoka Mufindi ni mbali zaidi, na gharama yake inalipwa na jani. Akaitikia, akatupa malalamiko yake: kila Oktoba bonasi ikitangazwa, wakulima wa upande wa Mlima Kenya wanapata zaidi kwa kilo kuliko wao wa magharibi, na kila mwaka maelezo ni yale yale ya ubora na bei ya mnadani. Ana mashaka nayo. Nami nina mashaka nayo kidogo, ila mgeni hatii neno.

“Na huko kwenu,” akauliza, “bonasi ni ngapi?”

Viongozi wakatazamana. Mwenyekiti ndiye aliyejibu. “Mzee wangu, sisi tukilipwa hela ya majani ya miezi iliyopita, hiyo ndiyo bonasi.”

Mzee alicheka mpaka akakaa tena. Kisha akaacha kucheka, akatuangalia mmoja mmoja. “Sasa karo ya watoto mnalipa na nini?”

“Parachichi,” akasema mwenyekiti. Akamweleza Njombe ilivyobadilika, wanunuzi wanavyokuja mpaka shambani, mti wa kubebeshwa unavyoanza kuzaa mwaka wa tatu. Mzee akamwita kijana wake alete daftari. Akataka kujua mche mmoja ni pesa ngapi, nafasi kati ya mche na mche, kama unavumilia mvua ya mawe. Mama akaleta chai nyingine. Tukakaa. Gari la Narok likatuacha.